Kusoma FTSE 100: Bei ya Mnazi na Nazi Zake

Mada kwa semina ya vikundi vya akiba na uwekezaji



1. Utangulizi

Taarifa za biashara redioni na kwenye runinga hututajia mara kwa mara namba moja kutoka London: FTSE 100, fahirisi ya bei za hisa ambayo wenyewe huitamka "Futsi". Tunasikia imepanda au imeshuka, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Nimeomba kuizungumzia leo kwa sababu historia yake inafundisha jambo ambalo mwekezaji mdogo asiyelijua hulilipia ghali: bei ya hisa ni kitu kimoja, na faida ya kumiliki hisa ni kitu kingine.

Mwenye shamba la minazi analijua hili bila kufundishwa. Mnazi una bei yake siku ukiuzwa, na una nazi zinazoanguliwa msimu hadi msimu. Anayetaja bei ya mti bila kuhesabu nazi hajasema shamba limempa nini.

2. Fahirisi inavyoundwa

FTSE 100 ilianza tarehe 3 Januari 1984 kwa alama 1,000. Jina lake limetokana na gazeti la Financial Times na Soko la Hisa la London. Inapima bei za hisa za kampuni 100 zenye thamani kubwa zaidi katika soko hilo, na kampuni kubwa ina uzito kuliko ndogo. Orodha hupitiwa kila robo mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba: waliokua wanaingia, waliosinyaa wanatoka.

Si kampuni zilizo mbali nasi. Airtel Africa iliingia katika orodha hiyo Januari 2022, kwa hiyo vocha inayonunuliwa Mwanza au Goma ina sehemu yake, hata kama ni ndogo, katika namba inayosomwa London.

Jambo la kushika ni hili: namba inayotangazwa ni ya bei tu. Gawio ambalo kampuni huwalipa wenye hisa halimo. Ipo fahirisi nyingine inayojumlisha gawio, lakini hiyo haisomwi kwenye taarifa ya habari.

3. Safari yenyewe

*Miaka ya kupanda, 1984 hadi 1999.* Serikali ya Uingereza chini ya Margaret Thatcher ilikuwa ikibinafsisha mashirika ya umma. Hisa za British Telecom ziliuzwa mwaka 1984, za British Gas mwaka 1986, na wananchi wengi wa kawaida wakawa wenye hisa kwa mara ya kwanza. Tarehe 27 Oktoba 1986 soko lilifanyiwa mageuzi makubwa: viwango maalumu vya kamisheni za madalali vilifutwa, kampuni za kigeni zikafunguliwa milango, biashara ikahamia kwenye kompyuta.

Mwaka mmoja baadaye pigo lilikuja. Jumatatu tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ilianguka kwa asilimia 10.8, na kesho yake kwa asilimia 12.2 nyingine. Waliouza kwa hofu waliondoka na hasara mkononi. Hata hivyo, mwaka huo wa 1987 ulifungwa fahirisi ikiwa juu kidogo ya ilipoanzia Januari. Kufikia tarehe 30 Desemba 1999 ilikuwa imefika alama 6,930, wastani wa karibu asilimia 13 kwa mwaka kwa miaka 16.

*Miaka ya kuanguka na kurudi, 2000 hadi 2015.* Homa ya kampuni za intaneti ilikuwa imepanda. Machi 2000 kampuni tisa zilitolewa kwenye orodha kwa mkupuo, zikiwemo Whitbread na Associated British Foods, zenye biashara za siku nyingi za vyakula na hoteli. Nafasi zao zikachukuliwa na nyota wapya kama Baltimore Technologies, Psion na Freeserve. Mifuko ya uwekezaji inayofuata fahirisi ililazimika kununua hisa hizo zikiwa kileleni. Homa iliposhuka, Baltimore ilipoteza karibu thamani yake yote, ilhali Whitbread na Associated British Foods zilikuja kurudi kwenye orodha. Tarehe 12 Machi 2003 fahirisi ilikuwa 3,287, chini ya nusu ya kilele chake.

Ilikuwa inajikongoja kurudi juu pale zamu ya mabenki ilipofika. Septemba 2007 wateja wa Northern Rock walipanga foleni nje ya matawi kutoa fedha zao. Mwaka 2008 fahirisi ilipoteza asilimia 31, na Machi 2009 ikafika 3,512. Kilele cha 1999 hakikuvukwa hadi tarehe 24 Februari 2015. Miaka 15: mtoto aliyezaliwa siku ya kilele alikuwa tayari sekondari.

*Kura na korona.* Siku iliyofuata kura ya Juni 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, FTSE 100 ilishuka kwa asilimia 3, lakini siku chache baadaye ilikuwa juu ya ilipokuwa kabla ya kura. Sababu ni kwamba takriban robo tatu ya mapato ya kampuni zake hutoka nje ya Uingereza. Pauni ilipoporomoka, dola walizovuna zilizaa pauni nyingi zaidi. FTSE 250, yenye kampuni za kati zinazotegemea zaidi soko la nyumbani, ilishuka kwa zaidi ya asilimia 13 katika siku mbili. Kwa hiyo FTSE 100 ikipanda, tusikimbilie kusema uchumi wa Uingereza unastawi.

Tarehe 12 Machi 2020 korona iliiangusha kwa asilimia 10.9 kwa siku moja. Ilivuka 8,000 Februari 2023, na 9,000 Julai 2025.

4. Nazi ambazo hazikuhesabiwa

Mwisho wa 2024 fahirisi ilifunga 8,173. Tukilinganisha na 6,930 ya mwisho wa 1999, imeongezeka kwa asilimia 18 tu katika miaka 25. Katika muda huohuo bei za bidhaa Uingereza zilikaribia kuongezeka maradufu. Kwa bei ya mti peke yake, mwekezaji aliyenunua mwisho wa 1999 alipata hasara ya kweli.

Sasa tuhesabu nazi. Kwa muda mwingi wa kipindi hicho gawio lilikuwa kati ya asilimia 3 na 4 kwa mwaka. Tuchukue 3.5 kwa mfano, bila ada wala kodi. Pauni 1,000 za mtu aliyekula gawio lake zilibaki kuwa hisa za takriban pauni 1,180. Aliyenunua hisa zaidi kwa kila gawio alikuwa na karibu pauni 2,780. Soko ni lilelile na miaka ni ileile. Tofauti ni namna nazi zilivyotumika.

5. Kwa nini namba ilisuasua

Kwanza, kipimo chetu kimeanzia kileleni; anayenunua ghali husubiri zaidi. Pili, orodha ilijaa mabenki, mafuta, madini na tumbaku, biashara zinazogawa faida nyingi badala ya kuirudisha kwenye ukuaji. Tatu, teknolojia ni chache. Arm, wabunifu wa vichakato vya simu kutoka Cambridge, walinunuliwa na SoftBank ya Japani mwaka 2016, na waliporudi sokoni mwaka 2023 walichagua New York.

6. Maswali ya majadiliano

a) Hisa ambazo kikundi chetu kinamiliki, tunajua zimelipa gawio kiasi gani tangu tulipozinunua, au tunajua bei yake tu?

b) Gawio hilo tunaligawana papo hapo, au tuna utaratibu ulioandikwa wa kuliwekeza tena?

c) Bei ikishuka nusu, kama London mwaka 2003, ni wanachama wangapi watahitaji fedha zao mwaka huohuo? Hao tusiwaingize kwenye hisa. Fedha zao zina kazi ya karibu, nazo zahitaji mahali tulivu.