Tangu Lini?

Somo: Marko 9:14–29



Habari ya kijana huyu tumezoea kuisoma tukitazama pepo tu. Leo tutazame swali. Kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba jambo hilo limempata mtoto tangu lini. Yeye ajuaye yote alimpa mzazi nafasi ya kueleza, na baba akataja moto na maji.

Nasi tunao watoto wa moto na maji. Aprili 2020 Mulongwe ilifurika, ikabeba nyumba na watu. Desemba 2025 vita vikaingia mjini Uvira, wengi wakakimbilia Burundi. Sasa mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena. Mwingine mlango ukigongwa anajificha.

Kwa hiyo wahudumu wa afya huwauliza wazazi kwa karatasi ya maswali: Je, anaota ndoto mbaya? Anaepuka mahali fulani? Ameacha kucheza na wenzake? Mara ngapi mwezi huu? Dalili zikipita mwezi mmoja na kumharibia masomo, huenda ni kidonda cha moyo kinachohitaji matunzo.

Hapa wazazi tunakwama. Wengine tunajibu "hapana" mpaka mwisho, kwa aibu. Wengine tunaongeza, tukitumaini mchele. Lakini mara nyingi hatujui tu. Mzazi huona hasira na ugomvi. Ya ndani mtoto anayaficha, asimwongezee mama mzigo. Mdogo wa chini ya miaka 6 tumsemee sisi. Aliye mkubwa aulizwe naye, peke yake, kwa upole. Na mama ambaye mwenyewe halali usiku, aseme hilo pia, maana hofu yake inaweza kubadili majibu.

Sisi watumishi tuna deni. Baada ya mafuriko tulimwombea mtoto mmoja siku tatu, tukikemea, kwa sababu alipiga kelele usiku. Mama yake hatukumwuliza hata neno moja. Baadaye tukasikia kwamba aliona mdogo wake akichukuliwa na maji. Tuliwaomba msamaha wote wawili. Maombi hatujaacha, ila sasa tunaanza kwa kuuliza.

Ukipewa karatasi ile, usiharakishe. Usipojua, sema sijui. Baba yule hakumficha Yesu hata upungufu wa imani yake. Asiyejua kusoma abaki Jumapili baada ya ibada. Wamama wawili watamsomea maswali pembeni, mahali pasiposikika na watu.