Vipimo vya Mishipa ya Damu na Kuzidiwa Mapema kwa Mgonjwa wa Kiharusi: Kutoka Gahanga hadi Hospitali ya Rufaa

1. Maana na chanzo

Kuzidiwa mapema baada ya kiharusi ni kupungua kwa nguvu, usemi au fahamu za mgonjwa, kulinganisha na alivyopokelewa, katika siku chache za mwanzo, hasa saa 72. Hali hupimwa kwa NIHSS, mizani ya alama 0 hadi 42. Alama zikipanda kwa 2 au zaidi, mgonjwa huhesabiwa amezidiwa. Baadhi ya watafiti huanzia 4.

Katika kiharusi cha kuziba, bonge la damu hukua, jingine hung'oka shingoni, au damu inayopita njia za pembeni hupungua. Katika kiharusi cha kuvuja, donge la damu hupanuka, zaidi katika saa za mwanzo. Sababu hizi huanzia mshipani, ndiyo maana mshipa hupimwa.

2. Vipimo vyenyewe

Presha hutangulia, kwa kuwa mashine yake hupatikana hata kwenye kituo cha afya. Hupimwa mikono yote miwili, kisha hurudiwa, maana kuyumba kwake huonya kuliko tarakimu moja. Kabla ya dawa ya kuyeyusha bonge, presha isizidi 185/110; baada yake, isizidi 180/105 kwa saa 24. Mgonjwa wa kuziba asiyepewa dawa hiyo kwa kawaida huachwa hadi 220/120, kwani kuishusha ghafla huinyima damu sehemu ya ubongo inayopigania uhai. Kwenye kuvuja, lengo la tarakimu ya juu ya presha huwa karibu na 140.

Presha ya kifundo cha mguu ikigawanywa kwa ile ya mkono na jibu likawa chini ya 0.90, mishipa ya miguu imekuwa myembamba, na huenda ya shingo na kichwa pia.

Ultrasaundi ya shingo hupima kasi ya damu. Kasi ya juu ya sentimita 125 kwa sekunde huashiria mshipa uliozibwa kwa asilimia 50 au zaidi. 230, asilimia 70 au zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kupata kiharusi kingine hasa ndani ya wiki mbili. Hata hivyo, shingo safi haitoshi: kwa watu wenye asili ya Afrika, wembamba wa mishipa ya ndani ya kichwa huonekana sana.

Mishipa hiyo ya ndani hupimwa kwa dopla ya kichwani, iliyoelezwa na Rune Aaslid mwaka 1982. Hutoa kasi ya damu na kiwango cha mpigo wake. Mpigo ukiwa mkubwa, mishipa midogo imekakamaa. Mfupa mnene wa baadhi ya wazee huyazuia mawimbi, hapo hubaki CT skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa, ambayo pia hufichua njia za pembeni.

3. Mipaka

Hakuna tarakimu inayotabiri peke yake. Vipimo husomwa pamoja na alama za NIHSS, sukari ya damu na umri, na huonyesha aliye hatarini zaidi, si atakayezidiwa kwa hakika.

4. Matumizi Gahanga

Gahanga ni sekta ya wilaya ya Kicukiro nchini Rwanda, kwenye barabara ya Kigali kwenda Nyamata. Kituo cha afya hakiwezi kutofautisha kuziba na kuvuja kwa macho. Ni CT skani ya hospitali kubwa inayoamua. Hivyo presha isishushwe kwa pupa. Kazi ya kituo ni kuandika saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, kupima presha na sukari, kuhesabu alama, na kuita gari la wagonjwa kwa 912. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Karatasi yenye kumbukumbu hizo iende na mgonjwa. Kuzidiwa ni tofauti kati ya vipimo viwili, na daktari wa rufaa asiyejua cha kwanza hana cha kulinganisha na cha pili.