UMEME KATIKA TURUBAI LA MKUTANO MKUU

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bunda)



Mkutano Mkuu ndicho chombo chenye mamlaka ya juu katika chama cha ushirika. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013. Humo wanachama husomewa hesabu, hupitisha makisio na huchagua viongozi. Chama kisicho na ukumbi hukodi turubai, hulisimamisha kando ya ghala la pamba, na huvuta umeme kutoka ghalani kwa waya mrefu.

Hapo ndipo taabu huanzia. Kipaza sauti hunyamaza wakati hesabu zinasomwa, au taa huzimika kura zikihesabiwa. Mwanachama aliyetoka kijiji cha mbali hurudi kwao akiamini kwamba giza lile lilikuwa na mwenyewe. Na zaidi ya hayo upo uhai wa watu, kwa maana turubai husimama juu ya nguzo za chuma, na watu huziegemea.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: swichi inayojikata yenyewe haina kosa. Hiyo ni shahidi anayesema kwamba kosa lipo. Kuilazimisha, au kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, ni kumziba shahidi mdomo na kuuacha moto uendelee.

HESABU YA MZIGO

Kama vile chama kisivyotumia fedha pasipo makisio, umeme nao usitumiwe pasipo hesabu. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Jumla ya wati ikigawanywa kwa volti 230 hupatikana ampea. Plagi ya miguu mitatu itumikayo nchini hubeba ampea 13, yaani wati 3,000 hivi.

Tuseme turubai lina amplifaya ya wati 600, taa 20 za wati 10, feni 4 za wati 75, na projekta ya wati 300. Jumla ni wati 1,400, sawa na ampea 6 hivi. Hapo hakuna neno. Kisha wapishi wanachomeka birika la wati 2,000 katika waya ule ule. Jumla sasa ni wati 3,400, karibu ampea 15. Fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo kwa ziada ndogo namna hiyo, na kwa sababu hiyo watu hudhani mambo ni mazuri. Kumbe plagi na soketi zinapata moto polepole. Kwa hiyo jiko na chai wapewe waya wao peke yao, au watumie mkaa.

Urefu wa waya nao una gharama yake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukivutwa mita 100 na kubeba ampea 10, hupoteza volti 24 hivi njiani. Turubai hupokea 206 badala ya 230. Waya wa milimita 2.5 hupoteza 15 tu. Taa zikififia kila chombo kikubwa kinapowashwa, dawa ni waya mnene zaidi au njia fupi zaidi. Na waya wa kukunjwa katika gurudumu lake ukunjuliwe wote kabla ya kutumika; ukiachwa umeviringwa hushika joto, na ngozi yake huweza kuyeyuka.

KUTAFUTA KOSA

Umeme ukikatika, fundi na afuate utaratibu huu.

Kwanza, atazame kama ghala na majirani wana umeme. Pengine umekatika eneo lote, au yuniti za LUKU zimekwisha. Mikutano imewahi kusimama kwa sababu ya yuniti tu, huku watu wakifungua plagi bure.

Pili, kama ni turubai peke yake, aangalie swichi ilijikataje. Ikijikata baada ya muda, huenda mzigo umezidi. Ikijikata papo hapo inaporudishwa, huenda nyaya zimegusana. Ikiwa iliyojikata ni swichi ya kinga ya kuvuja kwa umeme, ile ya miliampea 30, mara nyingi maji au umande umeingia katika kiungo.

Tatu, achomoe vyombo vyote, kisha airudishe swichi mara moja. Ikikaa, achomeke kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho kibovu, nacho kiondolewe. Ikianguka bila ya chombo chochote, ubovu umo katika waya wenyewe, na waya huo usitumike tena siku hiyo.

HATARI ZISIZONGOJA

Yako mambo mawili ambayo hayataki uchunguzi kwanza, bali kuzima kwanza.

La kwanza ni mtu kuhisi mtetemo akigusa nguzo. Umeme uzimwe kwenye swichi kubwa, watu waondoke, na nguzo zisiguswe. Mtu akinaswa asivutwe kwa mikono mitupu kabla umeme haujazimwa. Ili kuzuia msiba huo, nguzo zote ziunganishwe na waya wa ethi, na viungo vyote vitundikwe juu, mbali na nyasi na maji.

La pili ni baadhi ya taa kung'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia. Hilo hutokea ghala linapopata umeme wa njia tatu na waya wa nyutro umekatika au umelegea. Kwa dakika chache vyombo vinaweza kuungua vyote.

JENERETA

Jenereta likae nje, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu. Kamwe lisichomekwe katika soketi ya ghala kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme wake huweza kurudi katika nguzo za mtaani na kumwua fundi wa TANESCO anayedhani waya umekufa. Panapotakiwa kulisha ghala, fundi aweke swichi ya kubadilishia.

WAJIBU WA KATIBU

Fedha ya fundi iingizwe katika makisio ya mkutano pamoja na kodi ya turubai na viti. Fundi huyo awe na leseni ya EWURA. Kijana ajuaye kufungua plagi hatoshi. Jioni ya kuamkia mkutano vyombo vyote viwashwe kwa pamoja kwa muda wa saa moja, kisha kila plagi iguswe kwa mgongo wa mkono. Iliyo moto ibadilishwe usiku ule ule. Siku ya mkutano mtu mmoja tu akabidhiwe swichi kubwa, na jina lake litangazwe. Taa za betri ziwekwe mezani pa kuhesabia kura, na masanduku yasiachwe peke yake hata kwa dakika moja.

Kosa likipatikana, liandikwe katika daftari la chama: lilikuwa wapi, liliondolewaje, na ni waya gani usikodiwe tena. Katibu ajaye atalisoma, na mwaka utakaofuata wanachama watasikia hesabu zao mpaka mstari wa mwisho.

Udumu Ushirika.