Diski mpya, kompyuta ya mwendo wa kobe

Mtu amenunua diski kuu mpya, ile ambayo mafundi wengi huiita hadi diski. Amefungua kasha la kompyuta, ameikaza kwa skrubu zake, amerudisha kifuniko na kuwasha. Kinyume na matarajio yake, kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika moja sasa inachukua dakika kumi. Mshale unakwama kwenye kioo, na anayefungua folda ya picha hupata muda wa kupika chai na kuimaliza. Wengi waliofikwa na hali hiyo huilaumu diski mpya na kuirudisha dukani. Mara nyingi lawama hiyo haistahili, na haraka hiyo inaweza kumpotezea mwenyewe picha na hati zake za miaka mingi.

Hatari yenyewe imo katika diski ya zamani. Watu wengi hawaitoi; huiacha ndani ya kasha pamoja na picha za arusi, vyeti na barua zilizomo, kisha huongeza mpya pembeni. Diski ya aina hiyo ina sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na sehemu ya sahani ikianza kuharibika, diski haikiri kushindwa papo hapo. Hujaribu kuisoma sehemu hiyo tena na tena, pengine kwa sekunde kadhaa kila inapokutana nayo, na mfumo wa uendeshaji hukaa ukingoja jibu. Kungoja huko ndiko mtumiaji anakokuona kama uzito wa kompyuta nzima.

Kwa nini basi ugonjwa ujitokeze siku ileile ya kufunga diski mpya? Sababu moja ni kwamba mwenye kompyuta, anapohamisha faili zake, huilazimisha diski ya zamani kusomwa kila pembe, pamoja na zile ambazo hazikuguswa kwa miaka.

Upimaji huanza kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa ukutani. Diski mpya itenganishwe, kompyuta iwashwe, uangaliwe mwendo wake. Ikiwa uzito umebaki palepale, mshukiwa ni wa zamani. Zipo pia programu za bure zinazosoma taarifa za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, katika mfumo uitwao SMART. Idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu, na ya zile zinazosubiri kuhamishwa, ndizo za kutazamwa kwanza. Idadi hizo zikiwa zinapanda, kazi ya kwanza ni kunakili, kwa kuanza na vitu visivyoweza kupatikana tena. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hukosea: huanza na programu ya kukarabati diski, ambayo huisumbua saa nzima na zaidi diski iliyobakiwa na pumzi chache.

Taarifa hizohizo huonyesha pia makosa ya usafirishaji, yaani data zilizoharibika njiani. Makosa hayo yakiongezeka, wa kushukiwa kwanza ni waya wa data, uliolegea au kukunjwa kasha lilipofunguliwa. Waya huo ni wa bei ndogo, lakini madhara yake si madogo. Katika enzi za Windows XP, makosa sita ya aina hiyo yalitosha kuufanya mfumo upunguze kasi ya diski, na yakiendelea ukaipunguza tena, hadi kufikia njia ya kizamani ambamo kichakataji chenyewe hubebeshwa kazi ya kuhamisha data. Tena waya ukibadilishwa, kasi ingeweza kubaki chini vilevile mpaka mtu airekebishe. Haishangazi kwamba wengi waliamini wameuziwa diski mbovu.

Hata hivyo, ipo siku diski mpya ndiyo yenye lawama. Mwaka 2020 makampuni makubwa yanayotengeneza diski yalikiri kwamba baadhi ya diski zao zilikuwa zikitumia mistari ya data inayolaliana, kama makuti ya paa, bila wanunuzi kuelezwa wazi. Njia hiyo huongeza nafasi, lakini kubadilisha kuti moja hulazimu kuyagusa yaliyo juu yake. Kwa hiyo diski hiyo husoma vizuri, ila hupunguza sana mwendo inapoandikiwa mfululizo. Anayenunua na aulize mapema.

Wapo pia wanaonunua diski ya SSD, isiyo na sahani, wakaiacha Windows kwenye diski ya zamani, kisha wakashangaa kwamba kompyuta haiwaki upesi. Na kompyuta iliyowekewa mfumo upya huwa na shughuli zake za siku moja au mbili, ikipakua masahihisho na kuorodhesha faili. Hiyo iachwe iwashwe, imalize.

Lakini diski ya zamani ikianza kutoa mlio wa kugonga-gonga, upimaji wote ukome. Izimwe mara moja, isifunguliwe nyumbani wala isiwashwe tena kwa kujaribu bahati, na kama yaliyomo yana thamani, ipelekwe kwa mafundi wa kuokoa data ikiwa kama ilivyo.