Kofia ya Kushonwa kwa Mkono



Wengi wetu hapa tumevaa kofia, lakini wachache tumepata kuketi tukaitazama ikishonwa. Katika nyumba za Mji wa Kale, kina mama huchukua tabaka mbili za kitambaa cheupe, huchora nakshi kwa penseli, kisha hutoboa vitobo vidogo na kuzungushia kila kimoja uzi, ukingo usifumuke. Vitobo hivyo hupitisha upepo kichwani, na joto la kisiwa chetu mwalijua. Kofia moja huweza kula miezi.

Walakini kazi hii haihesabiwi kwa saa. Hushikwa baada ya chakula cha mchana, mazungumzo yakiendelea, na mtoto hujifunza kwa kutazama.

Sasa kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo. Nasi, tuseme kweli, ndio tuzinunuao. Wasichana wameliona hilo, nao wauliza washone kwa ajili ya nani. Basi twaomba: mwenye mama au shangazi ajuaye kudarizi, amsihi amfundishe binti mmoja wa nyumbani, na kofia ya Idi ya mzee wa nyumba hiyo iwe ni ile ya mwanafunzi, hata vitobo vikienda upande.