Matundu Matatu Bila Waya wa Ardhi

Hotuba kwa mafundi wa stima na wafanyakazi wa nyumbani wa Spring Valley



Leo twasema juu ya nyumba kuukuu za Spring Valley, zilizojengwa zamani za ukoloni. Nyumba ikipakwa rangi mpya, si kusema nyaya zilizomo ukutani ni mpya.

Soketi za zamani za matundu ya mviringo huondolewa, zikatiwa zile za ampia 13. Tajiri huona matundu matatu akaridhika. Lakini tundu la tatu bila waya wa ardhi ni pambo tu. Pasi ikiharibika ndani, waya wa moto hugusa chuma. Waya wa ardhi ukiwapo, stima hupita huko na fyuzi hukatika. Usipokuwapo, chuma hukaa na volti 240, na anayekishika ni mpishi, yaya au dobi, mwenzetu.

Basi sisi mafundi, wenye leseni ya EPRA, tufuate haya:

1. Tuzime swichi kubwa, kisha tupime kuhakikisha nyaya hazina stima.

2. Tuvute waya mpya wa ardhi toka soketi mpaka bodi, na toka bodi mpaka fimbo ya ardhini, tuupime. Tusitegemee bomba la maji. Kipande kimoja kikibadilishwa kwa plastiki, njia imekatika.

3. Tusiunge ardhi na nyutro ndani ya soketi. Nyutro ikikatika, chuma hupata moto.

4. Swichi ya taa yenye uso wa shaba, isiyo na waya wa ardhi, tuweke ya plastiki badala yake.

5. Tudai swichi ya kinga ya miliampia 30, inayokata stima ikivuja. Yasaidia sana, lakini si badala ya waya wa ardhi.

Nanyi mnaofanya kazi jikoni, chuma kikiwarusha mkono msikishike tena. Semeni siku ile ile. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanyakazi aripoti hatari, na yakataza kurudishwa penye hatari kubwa kabla haijaondolewa. Asiyesikilizwa alete habari chamani.

Tajiri atalia gharama. Fundi mmoja akikataa kufunga soketi ya uongo, ataitwa mwingine. Tukikataa sote, waya utavutwa.