Vyama Vidogo na Ruzuku Kubwa
Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama wanachama, Chake Chake, Pemba



Nimetakiwa niseme juu ya namna vyama na jumuiya zetu zinavyoweza kupata ruzuku kubwa kwa njia ya ubia. Nakushukuruni kwa heshima hiyo. Nitajitahidi kusema yale ambayo katibu akirudi chamani kwake ataweza kuyaweka mezani mbele ya kamati.

Sote tumekulia pwani na tumeona dau linavyoshuliwa. Mwenye dau huita watu, wakajipanga pande mbili, mmoja akatoa sauti, na wote wakasukuma kwa pamoja. Lakini kabla ya kusukuma, kila mtu anajua atashika wapi, na kila mtu anajua dau ni la nani. Ubia wa vyama ni hivyo hivyo. Nguvu hutokana na wingi wa mikono. Amani hutokana na kila mmoja kujua mahali pake.

Kwa nini mfadhili hutaka ubia

Mfadhili mkubwa ana gharama za kusimamia kila mkataba anaoutia saini. Ni lazima asome ripoti, akague risiti na atume watu kuangalia kazi. Kwa hiyo huona nafuu kuwa na mkataba mmoja mkubwa kuliko kuwa na mikataba kumi midogo. Jambo la pili ni kwamba huangalia mwombaji amezoea kushika fedha kiasi gani kwa mwaka. Chama kilichozoea kuendesha milioni chache hakitakabidhiwa mamia ya milioni kwa sababu tu kimeandika andiko zuri.

Tuchukue utaratibu wa Umoja wa Ulaya, ambao fedha zake zimefika hadi mashambani kwetu. Humo huwapo mwombaji mkuu na waombaji wenza. Mwombaji mkuu ndiye anayejibu mbele ya mfadhili kwa kila senti, hata ile iliyotumiwa na mwenzake. Aidha, katika miito mingi ya ruzuku hizo, mwombaji hutakiwa awe taasisi isiyogawana faida. Hapa makatibu wa ushirika wasikilize vizuri. Chama cha ushirika kinachogawa gawio kwa wanachama kinaweza kukataliwa kuwa mwombaji, hata kama kazi yake ni safi kabisa. Lakini chama hicho hicho kinaweza kuingia kwa mlango mwingine: kama walengwa wa mradi, au kama mpokeaji wa ruzuku ndogo inayotolewa na mwombaji mkuu, ambayo kwa kawaida haizidi euro 60,000 kwa mpokeaji mmoja. Mlango huo haufunguki bila ya kuwa na mwenza aliye jumuiya iliyosajiliwa.

Mifano ya kwetu

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Jumuiya ya Community Forests Pemba ilianza kwa vitalu vya miti na kazi za vijijini, ikishirikiana na wenzao wa Community Forests International wa Kanada. Kisiwani Kokota walipanda miti, wakavuna maji ya mvua na kuleta umeme wa jua. Kazi ile ndogo iliyoonekana kwa macho ndiyo iliyokuwa ushahidi wao walipokwenda kuomba fedha kubwa zaidi. Wakanada walikuwa na njia ya kuwafikia wafadhili wa nje, na Wapemba walikuwa na shehia, ardhi na imani ya watu. Hakuna upande uliokuja mikono mitupu.

Baadaye ukaja mradi wa VIUNGO, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2020, kwa ajili ya wakulima wa viungo, mboga na matunda wa Unguja na Pemba. Uliendeshwa na taasisi tatu kwa pamoja: People's Development Forum, Community Forests Pemba, na TAMWA Zanzibar, yaani Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake. Mtu anaweza kuuliza: waandishi wa habari na mdalasini wapi na wapi? Jawabu ni kwamba mkulima, na hasa mkulima mwanamke, anahitaji mche, lakini anahitaji pia sauti yake isikike penye masoko na penye maamuzi. Mwenye kujua miche si lazima awe ndiye mwenye kujua kupaza sauti. Ubia mzuri huwakutanisha wanaotofautiana. Vyama vitano vya mwani vyenye upungufu ule ule vikiungana, vitakuwa na upungufu mmoja mkubwa.

Nakuombeni pia mkumbuke Misali. Mapema katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa kile kwa mwekezaji wa utalii, nao wavuvi, ambao hupiga dago pale tangu enzi za wazee wao, wakaupinga. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Serikali ilikuwa na sheria, shirika la CARE lilikuwa na fedha na utaalamu, wavuvi walikuwa na bahari yao na jumuiya yao ya MICA. Hata hivyo uvuvi haramu haukwisha kwa amri. Ndipo kuanzia mwaka 1999 akaingia mshirika mwingine, taasisi ya Kiislamu ya mazingira iitwayo IFEES kutoka Birmingham, Uingereza, na pamoja na viongozi wa dini wa hapa hapa ikawakumbusha wavuvi mafundisho ya Qur'ani juu ya amana ya viumbe. Mshirika huyo hakuja na fungu kubwa la fedha. Alikuja na neno linalokubalika. Katika kuchagua mwenza, tusitazame mfuko wake tu.

Mwaka 2005 Misali ikaingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba, PECCA, wakati wa mradi wa bahari na pwani uliopata fedha za Benki ya Dunia. Hapo pana swali la kila chama kidogo: chombo kinapokuwa kikubwa, haki ya yule wa mwanzo imeandikwa wapi? Haifai kuuliza hivyo baada ya tanga kupandishwa.

Ubia wa karatasi

Naomba ruhusa niseme na machungu. Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya chama kimoja cha wakulima wa mwani. Siku tatu kabla ya mwisho wa kupeleka maombi, taasisi moja ilituletea barua tutie saini kuwa sisi ni wabia wake. Tukafurahi, tukatia muhuri. Ruzuku ikapatikana. Sisi tukapata semina ya siku mbili na chakula cha mchana, na katika ripoti wanachama wetu wote wakahesabiwa kuwa wamenufaika. Kina mama wakaniuliza fedha ziko wapi, nami sikuwa na la kuwajibu, kwa kuwa hatukuwa na hata nakala ya bajeti. Sisemi kwamba tuliibiwa. Nasema tulitia saini karatasi ambayo hatukuisoma, na kosa hilo ni letu. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama hawakulipa ada, wakidhani kamati imekula. Hiyo ndiyo hasara ya ubia mbaya: fedha huja nyingine, lakini imani ya mwanachama huwa ngumu kurudi.

Mambo ya kutengeneza nyumbani

Kutokana na hayo, napendekeza kwa kila katibu mambo matano.

Kwanza, hesabu. Chama kiwe na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, mihtasari ya vikao, na hesabu zilizokaguliwa za miaka isiyopungua miwili au mitatu mfululizo. Mwenza wa kweli ataziomba. Asiyeziomba, mtilieni shaka.

Pili, kujua mali tuliyo nayo. Katibu mwenye daftari linaloonesha kila mwanachama alivuna kilo ngapi za mwani mkavu kila bamvu, kwa miaka mitatu, ana kitu ambacho taasisi kubwa ya mjini haina. Orodha sahihi ya wanachama, ardhi yenye hati, uongozi unaochaguliwa kwa kura: hiyo ni rasilimali, na ina bei yake katika majadiliano.

Tatu, kuanza mapema. Ubia unaotafutwa baada ya mwito wa maombi kutangazwa huwa ni ubia wa haraka. Vyama jirani vianze kwa kazi ndogo ya pamoja, kama kitalu kimoja au gari moja la kupeleka mazao sokoni, ili wajuane tabia. Pia tuzitumie asasi za mwavuli, kama PACSO hapa Pemba, kujua nani anafanya nini. Aliyemaliza vizuri ruzuku ndogo ndiye anayeaminiwa kubwa.

Nne, hati ya maelewano, iandikwe kwa Kiswahili na isomwe mbele ya mkutano wa wanachama. Ioneshe nani mwombaji mkuu, kila mmoja atafanya kazi gani, atapata kiasi gani na lini, nani atabaki na kikaushio au mashine baada ya mradi, na ugomvi utaamuliwa na nani. Nakala ya bajeti yote ibaki chamani.

Tano, gharama za uendeshaji. Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya mambo ya ofisi. Tuulize bila haya: katika asilimia hizo, mwenza mdogo anapata ngapi? Katibu naye hupanda gari na hununua karatasi.

Hitimisho

Ndugu zangu, ubia una gharama zake. Vikao huwa vingi, maamuzi huchelewa, na risiti iliyopotea kwa mmoja huwatia aibu wote. Chama ambacho hakijaelewana ndani kisikimbilie kuelewana na wengine. Wala tusiifanye ruzuku kuwa msingi wa chama. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi katika nchi nyingi ilisimama kwa ghafla. Msingi wetu ni ada, hisa na mazao ya wanachama. Ruzuku ni upepo: ukivuma tutweke tanga, ukikatika tuwe na kafi mkononi.

Basi katibu akipata barua ya kuombwa ubia, asitie muhuri siku hiyo. Aiweke mbele ya kamati, aombe bajeti, na aulize swali la mwenye dau: sisi tutashika wapi? Akijibiwa waziwazi, asukume kwa nguvu zake zote. Asipojibiwa, aseme hapana kwa adabu, na wanachama watamshukuru.